Presha ya mimba: mama anapona, mtoto je?

Wadau, kuna namba zimenikaa kichwani wiki nzima. Utafiti wa taifa wa afya wa 2022 ulionyesha vifo vya akina mama kwa uzazi vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 mwaka 2015/16. Hapo tupige makofi. Lakini watoto wanaokufa ndani ya mwezi wa kwanza walikuwa 25 kwa kila 1,000, wakawa 24. Yaani palepale!

Sababu ziko nyingi. Mimi leo nashika moja, maana imepita kwetu. Dada yangu alihudhuria kliniki moja huku Bagamoyo (siitaji) mara tatu, mara mbili akaambiwa mashine ya presha mbovu. Miguu ikavimba, bibi akasema ni uzito wa mimba tu. Mwezi wa nane kichwa kikamuuma, akawa anaona nyota, tukakodi Noah usiku mbio hadi Dar. Alipona. Mtoto alizaliwa na kilo 1.6.

Wengi tunadhani presha ni ya mama peke yake. Si kweli. Mishipa inayopeleka damu kwenye kondo la nyuma hutakiwa kutanuka mapema kabisa. Kwa wengi wenye tatizo hili haikutanuka vizuri, kwa hiyo mtoto anapata damu kidogo, na hewa kidogo. Anachofanya ni kubana matumizi: damu inakwenda kwanza kwenye ubongo na moyo, huku tumbo na figo vikipunjwa. Ndiyo maana anatoka mdogo. Wengine huzaliwa na damu nzito, au upungufu wa chembe za kugandisha damu. Na wakikua, presha yao huwa juu kidogo kuliko ya wenzao.

Sindano ya magnesiamu inamkinga mama na kifafa cha mimba, ila haitengenezi kondo. Dawa yenyewe ni kuzalisha, hata kama siku hazijatimia. Mama anaokolewa, mtoto anaanza maisha na mapafu machanga. Nadhani hapo ndipo namba zinapoachana.

Shirika la Afya Duniani linashauri aspirini ya miligramu 75, kabla ya wiki ya 20, kwa mama mwenye hatari kubwa (aandikiwe na daktari, msijinunulie!). Sasa hiyo hatari nani ataiona kama mashine mbovu?

Watu wa Kerege, Zinga, Mlingotini: kwenye kadi za dada zenu, sehemu ya presha imeandikwa namba au iko wazi? 140/90 kwenda juu, msingoje kliniki ijayo.