Mwanamke wa Cairo Aliyeifundisha Kompyuta Kusoma Uso

Ni nyumba chache za mwambao wetu zisizo na mtu wake ughaibuni, na wengi tunajua kwamba ujumbe wa "mimi mzima" huweza kuandikwa na mtu anayelia. Jambo hilo hilo ndilo lililomshughulisha Dkt. Rana el Kaliouby.

Alizaliwa Misri mwaka 1978, akalelewa Kuwait hadi vita vya 1990 vilipoing'oa familia yake. Wazazi wake wote wawili walikuwa watu wa kompyuta. Alisoma sayansi hiyo Cairo, na mwaka 2001, ule ule wa mashambulizi ya New York, akaenda Cambridge kutafuta udaktari, mwanamke mwenye hijabu aliyeolewa karibuni. Mumewe alibaki Misri, akimuunga mkono. Waliandikiana kwa kompyuta. Maneno yalifika, machozi hayakufika.

Hapo akaishika elimu ya utambuzi wa ruwaza. Mashine haijui huzuni. Huonyeshwa picha nyingi zilizokwisha kupewa majina, ikapima jinsi nyusi zinavyopanda, pembe za mdomo zinavyovutika na kichwa kinavyoinama, kisha ikatafuta ni mpangilio upi hujirudia pamoja na jina lipi. Dkt. Rana hakutosheka na kicheko na hasira. Alichagua mambo sita magumu zaidi: kukubali, kupinga, kufikiri, kuwa makini, kuvutiwa na kusitasita. Haya hayaonekani katika picha moja, mpaka mwendo wa uso ufuatwe. (Mama aliyewahi kumuuliza mwanawe kama ameswali Alasiri anakujua kusitasita vizuri kuliko kompyuta yoyote.)

Alihitimu, akahamia chuo cha MIT, Marekani, kwa Profesa Rosalind Picard. Huko walitengeneza chombo cha kuwasaidia wenye usonji kuzielewa nyuso za wenzao, na mwaka 2009 wakaanzisha kampuni ya Affectiva.

Miaka miwili baadaye fedha zikakaribia kwisha. Dkt. Rana mwenyewe ameeleza kwamba ndipo ulipokuja mkono wa uwekezaji wa idara ya ujasusi, ukiahidi dola milioni 40. Wakakataa, wasitake nyuso za watu zichunguzwe bila ya idhini yao. Kwangu mimi uamuzi huo una uzito kuliko shahada zake zote, kwani fedha zile zilikuwa halali kisheria na shida ilikuwa ya kweli.

Elimu yenyewe ina mipaka. Mwaka 2019 wataalamu watano walipitia tafiti zaidi ya 1,000, wakaonya kwamba uso uliokunjwa si lazima uwe wa mtu mwenye hasira. Huenda anafikiri, au tumbo linamuuma. Basi akitokea mwajiri akadai kwamba kamera imemwona binti yako hana moyo wa kazi, muulizeni kwanza mashine hiyo ilifundishwa kwa nyuso za akina nani, na binti aliombwa ruhusa lini.