Mutoto anayefuta hapotezi wakati

Katika nyumba mingi za wafanyakazi wa mugodi, mutoto akifuta hesabu mara tatu tunamugombeza: "Unaharibu daftari!" Kwenye kalasi ni paka vile: daftari safi inasifiwa, yenye kufutwa inapata pointi chache. Naona desturi hii inaumiza watoto wetu. Kufuta kwa akili ni kazi, tena njo kazi ambayo ordinatere yenyewe inafanya.

Tuchukue mufano. Chora vyumba 9, mistari 3 ya vyumba 3. Weka hesabu 1 mpaka 9, kila moja mara moja tu, ili kila mustari, wa kulala, wa kusimama, na ile miwili ya pembe kwa pembe, ufanye 15. Namna za kuzipanga ni 362 880. Zenye kuwa sawa ni 8 tu.

Programu haijaribu zote. Inaanza na 1, kisha 2. Hapo inasimama: ya tatu ingepaswa kuwa 12, na 12 haiko. Inafuta 2. Kwa kufuta hiyo moja, imeepuka namna 5 040. Inajaribu 3, inajaribu 4: hapana. Inaweka 5, kisha 9: mustari umetimia! Lakini mustari wa kusimama unaoanzia pale kwenye 1 unataka 6 na 8, na wa pembe unataka pia 6 na 8. Njia imefunga. Inarudi nyuma, inajaribu 1, 6, 8: imefunga tena. Mwishoni inafuta 1 yenyewe, ile ya kwanza kabisa, inaweka 2. Na huko njo inapata: 2, 7, 6, chini yake 9, 5, 1, chini kabisa 4, 3, 8.

Wachimbaji wanajua jambo hili. Galeri ikigonga jiwe gumu, mutu hatoki inje kuanza shimo lingine. Anarudi pale njia iligawanyika. Lakini anapaswa kukumbuka upande gani alikwisha kujaribu. Asiyekumbuka atazunguka bure.

Wengine watauliza: muchezo huu utaleta bukari kwenye meza? Muchezo peke yake, hapana. Lakini zamu za asubuhi, za mangaribi na za usiku zinaweza kupangwa na programu kwa njia hii hii: weka jina, angalia kama sheria inavunjwa, ikivunjwa toa jina, jaribu lingine. Mwenye kuandika zile sheria njo anaamua nani atapumzika baada ya usiku na nani atarudi kazini. Kama watoto wetu hawajifunzi kazi hiyo, wataendelea paka kusoma tabulo yenye kubandikwa ukutani.

Kuanza hakuombi ordinatere. Vizibo 9 vya chupa, hesabu juu yake, vinatosha. Ninyi walimu, mutoto akionyesha wapi alirudi nyuma na juu ya nini, mumupatie pointi. Na ninyi baba na mama, mukimuona anafuta, mumuulize kwanza: "Juu ya nini umefuta?" Akiwa na jibu, mumuache aendelee.