Jicho la Angani na Miguu ya Wenyeji



Kila mwaka, mara nyingi mjini London, wataalamu wa miamba hukutana kuzungumzia kazi moja: kuisoma ardhi kwa picha zinazopigwa na setilaiti. Kundi lao huitwa Geological Remote Sensing Group. Lilianzishwa mwaka 1989, nalo limefungamana na Chama cha Jiolojia cha London, ambacho ni cha tangu mwaka 1807. Madini na volkano ni miongoni mwa mambo wanayoyajadili. Kwa hiyo mkutano huo unatuhusu, sisi tunaokaa juu ya shaba ya Katanga au chini ya mlima Nyiragongo, hata kama hakuna aliyetualika.

Nasikia vijana wakisema kwamba setilaiti ni kama taa inayomulika hadi chini ya ardhi, na kwamba mwenye taa hiyo amekwisha kuhesabu mali yetu yote. Sivyo. Setilaiti za picha hupokea mwanga wa jua unaorudishwa na ardhi. Kila aina ya jiwe au udongo humeza sehemu fulani ya mwanga na kurudisha nyingine. Kutu ya chuma humeza sehemu yake, udongo wa mfinyanzi nao humeza sehemu ambayo jicho la binadamu haliioni kabisa. Landsat ya kwanza ilirushwa mwezi wa Julai 1972. Kilipotengenezwa chombo kipya cha Landsat ya nne, iliyorushwa mwaka 1982, wanajiolojia walisisitiza kiongezewe uwezo wa kuupokea mwanga huo wa udongo. Wakakubaliwa, lakini kwa kuchelewa. Ndiyo maana sehemu hiyo ya mwanga inaitwa ya saba, ijapokuwa kwa mpangilio ingepaswa kutangulia ya sita. Hata hivyo, picha hizo huonyesha ngozi ya ardhi tu. Msitu ukiifunika, kinachoonekana ni majani.

Na majani nayo husema. Huko Katanga viko vilima ambavyo miti hukataa kuota kwa sababu udongo wake una shaba nyingi mno. Huota nyasi na mimea mifupi, mmojawapo ukiwa ule ambao wataalamu huuita Haumaniastrum katangense, maarufu kama ua la shaba. Kabla ya Mzungu yeyote kufika, watu wa Katanga walichimba malakiti, wakaiyeyusha, wakafua misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha. Leo msomaji wa picha za angani naye hutafuta mahali ambapo mimea imedhoofika au imebadilika bila sababu inayoonekana. Kumbe ni elimu ileile, ila mmoja anaitazama kutoka juu na mwingine anaikanyaga.

Katika jengo la chama hicho cha London imetundikwa ramani kubwa ya miamba ya Uingereza, iliyotolewa mwaka 1815 na William Smith. Huyo alikuwa mtoto wa mhunzi wa kijijini. Alifanya kazi ya kupima ardhi kwenye migodi ya makaa na mifereji, akaizunguka nchi yake miaka mingi, akitambua matabaka ya miamba kwa visukuku vilivyomo ndani yake. Waungwana wa chama hawakumkaribisha miongoni mwao. Walichapisha ramani yao wenyewe iliyoshindana na ya kwake, na mwaka 1819 alifungwa kwa ajili ya madeni. Ni mwaka 1831 tu walipompa nishani ya heshima. Naikumbuka habari hiyo kila ninapowaza juu ya wachimbaji wetu wadogo. Mtu aliyechimba kwa mikono miaka 20 anajua jiwe la kijani linaelekea wapi, linakatika wapi na maji yanaingilia wapi. Elimu hiyo haina cheti wala haifiki katika ukumbi wa mkutano.

Sikubaliani na wanaoona mkutano wa namna hiyo kuwa njama ya wizi. Picha za Landsat hutolewa bure tangu mwaka 2008, na zile za Sentinel za Ulaya vilevile. Wala sikubaliani na anayejifariji kwamba, maadamu ni bure, basi haki imetendeka. Kitabu kilicho wazi hakimsaidii asiyejua kusoma. Panapojadiliwa kilima, upande mmoja huja na picha za miaka 40, upande wa pili huja na kumbukumbu za wazee. Kumbukumbu hizo ni za kweli, lakini mezani huonekana kama maneno matupu.

Ndugu zetu wa Goma wanajua gharama yake. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilitoa lava iliyosimama pembezoni mwa mji. Matetemeko yakaendelea, na tarehe 27 serikali ikaamuru sehemu ya mji ihame. Vipimo vya matetemeko pamoja na picha za rada, ambazo hupenya mawingu na kuonyesha jinsi ardhi ilivyotanuka, vilikubaliana kwamba miamba iliyoyeyuka ilikuwa imepita chini ya mji hadi chini ya ziwa Kivu. Haikutoka. Kwa hiyo wako waliosema kwamba watu walikimbizwa bure, wakalala njiani na watoto wao kwa jambo lisilokuwepo. Jambo lilikuwepo, halikuonekana kwa macho. Lakini siwalaumu waliotilia shaka, kwa kuwa kwao habari ilifika kama amri, bila mtu wa mtaani wanayemwamini ambaye angeweza kuishika picha ile mkononi na kueleza rangi zake zina maana gani.

Nimekaa miaka mingi katika kazi ya kuwaandaa walimu, na najua kwamba jiografia yetu bado hufundishwa kwa chaki na ramani iliyochanika. Hata hivyo, kikundi cha vijana chenye kompyuta moja na intaneti ya saa chache kinaweza kuchagua kilima kimoja wanachokifahamu (kisiwe na mgogoro wala walinzi wenye silaha, tafadhali), kikapakua picha zake za zamani na za sasa, kisha kikapanda huko na daftari. Waandike mahali picha inaposema kweli: hapa mto umehama, hapa shamba limekuwa shimo. Waandike hasa inapokosea: mahali penye wekundu ambao si wa chuma bali ni wa matofali, mahali palipodhaniwa kuwa mwamba kumbe ni uwanja uliofagiliwa. Kazi hiyo ya kuhakiki picha kwa miguu ndiyo wataalamu wa London huilipia safari za ndege.