Tusicheke Neno, Tuchunge Kipimo



Ndugu wasomaji, tumewasikia baadhi ya wanafunzi wetu wakicheka mzee anapotaja gulio. Kwao hilo ni neno la kishamba, aliyesoma husema soko. Tumeona tulieleze.

Soko limetokana na neno la Kiarabu, suuq. Wingi wake, aswaaq, umo katika Qur'ani Tukufu, Suratul Furqaan, aya ya 7 na ya 20. Makafiri walistaajabu kumwona Mtume akitembea masokoni, na Allah (s.w.t.) akabainisha kuwa Mitume waliomtangulia walikuwa vivyo hivyo.

Gulio nalo si neno la ovyo. Ni la Kibantu, limetokana na gula, yaani nunua. Vuka Mto Songwe pale Kasumulu, Mmalawi atakuambia kugula. Mganda husema okugula. Na hapa nyumbani Mnyakyusa husema ukuula, g imedondoka tu. Basi anayemcheka mzee huyo anamcheka bibi yake. Hasa gulio ni soko la siku maalumu, watu hutoka mbali wakakutana, kama pale Lyulilo, Matema, panapouzwa vyungu vya Wakisi.

Lakini liite soko au gulio, jina haliisafishi biashara. Imepokewa katika Sahih Muslim kuwa Mtume (s.a.w.) alipita penye rundo la nafaka, akaingiza mkono, vidole vikakuta unyevu. Muuzaji akasingizia mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka juu iliyolowa ili watu waione, na akamkana kila mwenye kughushi.

Nasi Kyela ni watu wa mpunga. Je, ni wangapi huweka mchele mzuri juu ya gunia na chenga chini? Ni wangapi wana debe la kununulia na jingine la kuuzia? Suratul Mutaffifiin imeshuka kuwaonya watu wa vipimo viwili.

Wanafunzi wetu, mnapotumwa kuuza, pimeni kwa haki hata kama hakuna anayewaona. Nanyi wazazi, tunawaomba kwa heshima, msimkabidhi mtoto debe lililobonyezwa kitako. Tunayomfundisha madrasa mwaka mzima, debe hilo litayafuta kwa siku moja ya gulio.

Wabillahi tawfiiq.