Tusiiache faida yetu Namanga

Nauza nguo za kike Sinza Kumekucha, na mzigo naufuata Eastleigh, Nairobi, kwa basi la kupitia Namanga. Wenzangu wengi hubishana bei na muuza magauni hadi jasho liwatoke, lakini mpakani humkabidhi mbadilisha fedha wa barabarani mtaji mzima bila kuuliza bei mara mbili. Faida yetu inaishia hapo.

Tupige hesabu. Ukinunua shilingi 50,000 za Kenya, na kila moja ukaongezewa shilingi moja tu ya Tanzania juu ya bei halali, umeshapoteza 50,000 zetu. Ukirudi na chenji, unakatwa tena.

Kabla ya safari, angalia viwango vya Benki Kuu. Badilisha benki au kwenye duka la fedha lenye leseni, na udai risiti. Usibebe burungutu lote: tangu 2015 M-Pesa ya Tanzania inatuma hadi ya Kenya. Uliza makato kwanza.

Serikali nazo zina deni kwetu. Hadi katikati ya miaka ya 1960, shilingi moja ilitumika Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Mwaka 2013 marais wetu walisaini itifaki ya sarafu moja wakilenga 2024. Sasa lengo ni 2031. Tukisubiri, kila mpaka uwe na maduka halali yenye bei zilizobandikwa wazi, yakiwa wazi saa zote mabasi yanapopita. Mchuuzi ndiye anayeiishi Jumuiya ya Afrika Mashariki kila wiki. Mtaji wake ulindwe.