Meza Ndefu Siyo Ujirani

Wenzangu waandishi, hivi ni nani aliyetudanganya kwamba ukiwabananisha watu kumi na tano wasiojuana kwenye meza moja ndefu, basi ubunifu utachanua wenyewe? Mwaka 2018 watafiti Ethan Bernstein na Stephen Turban walichapisha waliyoyaona katika kampuni mbili zilizoondoa kuta za ofisi zao. Mazungumzo ya ana kwa ana yalipungua kwa karibu asilimia 70, barua pepe zikaongezeka. Watu wamekaa pua kwa pua, wanaandikiana! Si ajabu. Mtu ukimvua ukuta, ataziba masikio kwa hedifoni.

Ofisi hizi za pamoja alizianzisha Brad Neuberg kule San Francisco mwaka 2005. Alitaka kujiajiri bila kufa na upweke, nia ambayo siigombi. Nairobi nayo ikapata iHub mwaka 2010, Ngong Road, na vijana wengi walifaidika. Ila huku kwetu wengi walipoagiza wazo waliagiza na fanicha, na jua la San Francisco wakadhani limo ndani ya kontena.

Nimekaa katika moja ya ofisi hizo hapa Dar, jina silitaji. Ukuta wa magharibi ni kioo kitupu, sakafuni hadi dari. Ikifika saa tisa alasiri jua linakalia kiti chako. Kiyoyozi kinanguruma kupigana na joto ambalo mchoraji mwenyewe kalikaribisha, na umeme ukikatika madirisha hayafunguki, basi mnatoka nje kama kumbikumbi. Ukutani wamebandika maneno ya Kizungu yanayokuamuru uote ndoto kubwa. Jamani, mtu anatafuta soketi!

Sasa nenda Lamu ukaitazame nyumba ya mawe. Nje kuna baraza, na mpita njia yeyote anakaa. Unaingia daka, kisha kiwanda kilicho wazi juu, kisha misana, mpaka ufike ndani kabisa. Kila hatua kelele zinabaki nyuma, na mgeni anajua anaishia wapi bila kuandikiwa kibao. Kuta nene za matumbawe na chokaa zinazuia joto na sauti. Vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko ina urefu wake, na wembamba huo ndio unaomkusanya mtu na fikra zake.

Najua mtanijibu: nyumba zile zilikuwa za matajiri, tena wenye watumwa. Ni kweli, na siombi tuwarudishe mabwana wale. Ninachotaka ni ule mpango wa kutoka kelele kwenda kimya, ambao hauna hati miliki ya tajiri yeyote.

Kahawa, simu na porojo vikae mlangoni, kwenye baraza ya saruji iliyojengewa ukutani, ambayo fundi wa mtaani anaiweza. Katikati pawe pa mikutano. Nyuma kabisa viwe vyumba vidogo, mlango wa mbao, kabati za vitabu za kumeza sauti, feni, na madirisha yanayopokea kusi na kaskazi. Upepo huo haudai luku.

Mtasema nakuza mambo, ni viti tu hivyo. Lakini mwenye chumba cha kusomea kwao hana shida na kioo. Akichoka anarudi nyumbani. Wengi wetu tunalala chumba kimoja na wadogo zetu, redio ya jirani inapitia juu ya ukuta usiofika dari. Tunalipia hiyo meza ili tupate saa mbili za kumaliza hadithi, na saa hizohizo ndizo wanazotunyang'anya kwa jina la ujirani. Mwezi huu ukienda kujiandikisha, kabla hujatoa hela, waambie wakufungulie dirisha moja uone.