Fremu za Kioo Si za Kupoteza

Wacha niseme moja kwa moja, na mwenye kukasirika akasirike: kujipiga picha kwenye kioo kwa kamera ya filamu si kujipenda, si upuzi, na si kuharibu mkanda. Ni kazi. Na kwa sisi tunaojifunzia mtaani bila darasa na bila mtaji, ni kazi yenye inafaa kuheshimiwa.

Hii hadithi nimeisikia hadi nimechoka. Ukiweka picha ya Ngong Hills, "moto sana buda". Ukiweka ya bibi harusi, "kazi safi". Ukijiweka wewe na kamera yako mbele ya kioo cha kabati, wakubwa wa fani wanateremka kwa komenti kama wazee wa baraza: kijana, filamu ni ghali, mbona unajipiga mwenyewe? Kwani umekosa kitu cha kupiga?

Tuanze na hiyo ya ghali, maana hapo wako na ukweli. Mkanda wa 35mm una fremu 36. Ukijumlisha kuununua, kuuosha na kuuskani, hela yangu ya chakula ya wiki imekwenda. Mimi si mtoto wa tajiri. Chuo niliacha karo iliponishinda, na sitafuti huruma ya mtu. Lakini fundi anayejifunza kushona huanza na nguo ya nani? Modeli anataka nauli, anataka lunchi, anataka picha kesho. Mimi niko hapa hata saa nane usiku na sidai chochote. Fremu ikiharibika, hakuna bibi harusi atakayelia.

Na msidhani ni rahisi. Simama mita moja kutoka kwa kioo. Ukiweka fokasi ya mita moja, utapata vumbi na alama za vidole zimetoka safi kabisa, na sura yako ukungu mtupu. Sababu ni kwamba taswira yako haikai juu ya kioo, inakaa nyuma yake: mita moja kwenda, mita moja kurudi, fokasi ni mita mbili. Ukiwasha fleshi ikiangalia kioo, doa jeupe linakula uso. Ukiizima, bafu la balbu moja linataka shata ya polepole, na mkono unatetemeka. Kamera ukiibandika jichoni, nusu ya uso imefunikwa. Ukiishusha kifuani, hujui kama umekata kichwa. Na hakuna skrini ya kukuambia. Utajua siku mkanda unatoka kuoshwa.

Sasa niambieni, mtu anayejipenda tu angechagua hii njia ya mateso? Si angeshika simu, apige 50, afute 49, ile moja aipake filta? Mwenye kujipiga kwa filamu amekubali kutoka vile atakavyotoka. Hiyo si majivuno, wasee. Majivuno hayana subira hiyo.

Halafu hawa wazee wa komenti wanajifanya wanailinda historia ya upigaji picha. Historia ipi? Ilse Bing, Mjerumani, alikuwa akiandika tasnifu ya udaktari. Mwaka 1929 akaiacha ili ashike kamera. Ndiyo, aliacha chuo, kaeni na hiyo. Mwaka 1931, akiwa Paris, alijipiga na Leica yake kwa vioo viwili. Katika kimoja anatutazama na kamera yake, katika kingine tunamwona kwa upande. Fremu moja, sura mbili, na chombo cha kazi hadharani. Hiyo picha iko kwenye makumbusho makubwa ya dunia. Hakuna aliyemwambia amepoteza filamu.

Vivian Maier alikuwa yaya. Alilea watoto wa watu Marekani miaka na miaka, wengi wao Chicago, na akitoka nao matembezi kamera ilikuwa shingoni. Kamera yake maarufu, Rolleiflex, unaishika kifuani na kuchungulia kwa juu, kwa hivyo uso haufunikwi. Mkanda wake ulikuwa na fremu 12 tu. Bado alijipiga kwenye vioo vya maduka, kwenye madirisha, hata kwenye kioo kikubwa mfanyakazi alichokuwa amekibeba barabarani. Mwaka 2007 maboksi yake yalipigwa mnada kwa sababu kodi ya stoo haikulipwa. Alifariki 2009 kabla dunia haijamjua. Aliacha negativu zaidi ya 100,000.

Jiulizeni: nani angempiga yaya picha za namna hiyo? Mwajiri? Yaya kwenye albamu ya familia ni mkono unaoshika mtoto, mwili umekatwa pembeni. Bila vile vioo, leo tungekuwa na picha zake nyingi za watu wengine, na yeye mwenyewe tusingemwona vile alivyojiona.

Na msiseme ni mambo ya wazungu. Samuel Fosso alifungua studio yake Bangui mwaka 1975 akiwa na miaka 13. Mchana alipiga wateja. Fremu zilizobaki mwisho wa mkanda alijipiga yeye, apate picha za kumtumia nyanya yake Nigeria. Kazi iliyompa jina duniani ni hizo fremu za mabaki, zile mnazoita za kupoteza.

Hapa ndipo roho yangu iko. Angalia picha zetu zilipigwa na nani. Ya kitambulisho, serikali. Ya darasa, shule. Ya joho, chuo, na mimi hiyo sina, ukuta wa mama una nafasi yake tupu. Kila picha rasmi ya maisha yako inasubiri mtu mwingine akuidhinishe. Na anayeshika kamera ndiye ana shida zaidi: amejaza albamu za harusi na matanga ya kijiji kizima, na siku akizikwa familia inahangaika kutafuta picha ya kuweka kwa jeneza. Kwenye kioo hakuna wa kukuidhinisha. Anayepiga na anayepigwa ni mtu mmoja, na chombo chake cha kazi kiko mkononi.

Na nyinyi wa upande wangu, msishangilie bado. Kubeba kamera ya zamani kama mkufu mbele ya kioo cha lifti, picha yenyewe umepiga na simu ukaongeza chembechembe za uongo, hiyo ndiyo inatupa jina baya. Fikiria kidogo, manze. Kwa kinyozi kuna vioo viwili vinaangaliana, utapata migongo na nyuso hadi macho yachoke. Kuna kioo cha pembeni cha matatu, kuna maji kwenye karai, kuna kioo kilichopasuka ambacho landilodi amekataa kubadilisha. Dirisha la duka mchana: pale kivuli chako kinapoangukia, mng'ao unapungua na bidhaa za ndani zinaonekana zikiwa tumboni mwako. Kuwa mwepesi tu, soja atakuja kukuuliza nani amekuruhusu.

Kwa hivyo ombi langu ni moja, na halihitaji kamera ya bei. Kila mkanda, wekeza fremu mbili za kioo. Andika tarehe. Usizifute, usiombe msamaha, na akitokea mzee wa komenti kukuuliza mbona unajipiga, muulize yeye yake ya mwisho ilipigwa na nani.